MAFUTA MAZITO NA VICHOCHEO VIDOGO KULIKO VUMBI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Katika jarida letu tumezoea kusoma mashairi, hadithi, vitendawili na insha za methali. Hayo yote ni mazuri nami huyafurahia sana. Lakini katika mkutano mmoja wa chama mwaka huu palizuka mjadala mkali: je, Kiswahili chaweza kubeba somo gumu la sayansi, au kazi yake ni kutunga mashairi na kuamkuana tu? Wenzangu kadhaa walishikilia kuwa kemia haiandikiki kwa Kiswahili. Ati maneno yataisha kabla ya somo kuisha!

Wahenga walisema penye nia pana njia. Badala ya kubishana tena, nimeona heri nichukue somo moja gumu la kemia ya leo na kulieleza hatua kwa hatua, kisha kila msomaji aamue mwenyewe. Somo lenyewe ni hili: jinsi chembe ndogo mno za metali zinavyotawanywa ndani ya mafuta mazito ili kuyageuza yawe mepesi na yenye thamani. Anayejua kemia ya Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu ataelewa. Asiyejua naye asiogope, tutakwenda polepole.

1. MAFUTA MAZITO NI YAPI?

Mafuta ghafi yanayotolewa ardhini si ya aina moja. Kuna mepesi yanayotiririka kama mafuta ya kupikia. Kuna mazito yanayojikokota kama uji uliosahauliwa jikoni hadi ukapoa. Mengine hayatiririki kabisa, ni kama lami ya barabarani.

Wataalamu hupima wepesi wa mafuta kwa kipimo kiitwacho API. Kwanza huangalia mafuta yana uzito gani yakilinganishwa na maji ya ujazo ule ule. Halafu hutumia kanuni hii:

API = (141.5 ÷ uzito ukilinganishwa na maji) − 131.5

Maji yenyewe uzito wake ni 1, basi API yake ni 10. Mafuta yenye uzito wa 0.85 yana API ya 35, nayo ni mepesi. Yenye uzito wa 0.95 yana API ya 17.4, nayo ni mazito. Kwa hivyo usichanganyikiwe: namba ikipanda, mafuta ni mepesi, ikishuka, ni mazito. Kwa kawaida mafuta yaliyo chini ya 20 hivi huhesabiwa kuwa mazito, na yaliyo chini ya 10 yakitiwa majini huzama badala ya kuelea.

Mafuta ya namna hii yako wapi? Yako mengi sana katika ukanda wa mto Orinoco nchini Venezuela na katika eneo la Athabasca, jimbo la Alberta, nchini Kanada. Mwaka 2009 idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba Orinoco peke yake ina mapipa bilioni 513 yanayoweza kuchimbwa kwa ufundi uliopo. Pipa moja ni lita 159. Lakini kuwa nayo si kuyatumia. Lami ya Athabasca ikiwa katika ubaridi wa ardhini, mnato wake hupita ule wa maji mara milioni moja na zaidi. Ili ipite katika bomba ni lazima ichanganywe na mafuta mepesi, kama vile mtu anavyoongeza maji kwenye uji mzito. Hiyo ni gharama.

2. KWA NINI NI MAZITO?

Mafuta yote hasa ni kaboni na haidrojeni. Katika mafuta mepesi, atomi za kaboni zimejipanga kama mnyororo mfupi, na kila kaboni ina karibu haidrojeni mbili. Katika mafuta mazito mambo ni mengine. Mna molekuli kubwa ziitwazo asfaltini. Hizi zina pete za kaboni zilizoungana pamoja kama vyumba vya sega la asali, na pembezoni zina mikia ya minyororo. Ndani yake mna salfa, naitrojeni, na hata metali kama nikeli na vanadi.

Asfaltini hutambuliwa kwa tabia yake: huyeyuka katika tolwini lakini haiyeyuki katika heptani. Ukimimina heptani nyingi ndani ya mafuta mazito, asfaltini hujitenga na kutuama chini kama unga mweusi.

Sasa hesabu haidrojeni. Katika mafuta mazito, kila kaboni ina haidrojeni kama moja na nusu hivi, na katika asfaltini hushuka hata chini ya hapo. Kwa ufupi, mafuta mazito yana njaa ya haidrojeni. Shika sana neno hili kwa sababu somo lote limesimama juu yake.

3. KUKATA NI RAHISI, KUZUIA YASIUNGANE TENA NDIYO KAZI

Darasani tumesoma kwamba molekuli kubwa ikipashwa joto kali hukatika kuwa ndogo. Basi mtu atauliza: si tuyachemshe tu hayo mafuta mazito hadi yakatike, kazi iishe?

Lakini wapi! Ukiyapasha hadi nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, molekuli hukatika kweli. Tatizo ni kile kinachofuata. Kifungo cha kaboni na kaboni kinapokatika, kila kipande hubaki na mkono mmoja mtupu unaotafuta cha kushika. Vipande hivi huitwa radikali, navyo havina subira hata kidogo. Radikali ikikutana na haidrojeni, huishika na kutulia, nasi tunapata molekuli ndogo ya mafuta mepesi. Isipopata haidrojeni, hushika radikali mwenzake. Hao wawili hushika wa tatu, na wa tatu hushika wa nne, mpaka linatokea donge kubwa kuliko molekuli ya kwanza. Mwisho wake ni makaa magumu meusi yanayoganda kwenye kuta za chombo. Mimi nitayaita ukoko, kwa sababu hutokea kama ukoko wa ugali unavyoshika sufuria.

Viwanda vingi vimekubali ukoko huo. Huyapasha mafuta mazito joto, huchukua mepesi yaliyopatikana, na ukoko hung'olewa na kuuzwa kama makaa ya bei ya chini. Hiyo ndiyo njia ya kutoa kaboni. Ni rahisi, lakini sehemu nzuri ya mafuta huishia kuwa ukoko.

Njia ya pili ni kuongeza haidrojeni. Gesi ya haidrojeni husukumwa ndani ya mafuta kwa shinikizo kubwa, mara mia moja na zaidi ya shinikizo la hewa tunayopumua, ili kila radikali ipate cha kushika kabla haijamfikia mwenzake. Hapo ndipo kichocheo kinapohitajika.

4. KICHOCHEO NI MSHENGA

Katika Kidato cha Kwanza tulitengeneza oksijeni kwa kutumia haidrojeni peroksaidi. Tulitia unga mweusi wa manganizi oksaidi na mapovu yakafoka mara moja. Unga wenyewe haukuisha. Hicho ndicho kichocheo: huharakisha mabadiliko bila chenyewe kutumika.

Nakifananisha na mshenga. Mshenga huwakutanisha watu wa nyumba mbili ambao peke yao wangechukua muda mrefu kuelewana. Huwasawazishia mambo, harusi ikafanyika, kisha yeye akaenda zake kushughulikia posa nyingine. Yeye si bwana harusi wala bibi harusi.

Katika mafuta mazito, gesi ya haidrojeni ni ngumu kuposa. Atomi zake mbili zimeshikana sana na haziachani kwa urahisi. Metali kama molibdeni, nikeli, kobalti au chuma huzipokea atomi hizo juu ya uso wake, huzitenganisha, kisha humkabidhi radikali mwenye mkono mtupu haidrojeni moja. Mfano mnaoujua ni majarini tunayopaka kwenye mkate: mafuta ya mimea huongezewa haidrojeni kwa msaada wa nikeli.

Angalia jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Kichocheo cha aina hii hakifanyi kazi kubwa ya kukata molekuli. Anayekata hasa ni joto. Kazi kuu ya kichocheo ni kuhakikisha haidrojeni imefika kwa wakati, kabla ya ukoko kuanza.

5. TREILA HALIINGII KICHOCHORONI

Kwa miaka mingi viwanda vimetumia kichocheo cha tembe. Tembe ni vidonge vidogo vya alumina vyenye matundu membamba sana, na metali imepakwa ndani ya matundu hayo. Tembe hupangwa kwenye chombo kikubwa cha chuma na mafuta hupitishwa juu yake. Kwa mafuta mepesi njia hii hufaa sana.

Kwa mafuta mazito huwa na shida tatu. Kwanza, molekuli ya asfaltini ni kubwa mno, nayo haipiti vizuri katika matundu yale, kama vile treila lisivyoweza kuingia kichochoroni. Metali iko ndani, mteja amekwama nje. Pili, nikeli na vanadi zilizomo katika mafuta yenyewe hujipaka kwenye midomo ya matundu na kuyaziba. Tatu, ukoko hufunika tembe nzima. Tembe zikishazibwa, hazina budi kuondolewa na kuwekwa mpya.

Hapa ndipo wanasayansi walipogeuza fikira. Walisema: kama molekuli haiwezi kumfikia kichocheo, basi kichocheo na kimfuate molekuli alipo.

Fikiria stendi ya matatu na mabasi. Soko liko nyuma ya maduka, na basi haliwezi kuingia huko. Je, abiria hukosa njugu, maji na ndizi? Hawakosi. Wachuuzi hubeba bidhaa mikononi na kuzunguka dirishani, kila abiria akahudumiwa pale alipoketi. Kichocheo kilichotawanywa ni kama wachuuzi hao. Hakina matundu ya kuingiwa. Ni chembe ndogo mno za metali zinazoelea kila mahali ndani ya mafuta, na kila inapokatika molekuli, chembe iko jirani ikiwa na haidrojeni tayari.

6. HESABU YA MCHEMRABA

Kwa nini chembe hizo ni lazima ziwe ndogo mno? Hebu tufanye hesabu. Chukua kalamu.

Twaa mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita 1. Una nyuso sita, kila uso sentimita mraba 1. Jumla ni sentimita mraba 6.

Ukate uwe michemraba midogo ya milimita 1. Utapata 1,000. Jumla ya nyuso zake sasa ni sentimita mraba 60. Metali ni ile ile, haikuongezeka hata chembe, lakini uso umeongezeka mara kumi.

Sasa ukate hadi kila mchemraba uwe na upande wa nanomita 10. Nanomita ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hivyo nanomita 10 hazionekani kwa macho wala kwa darubini ya maabara yetu. Jumla ya nyuso itakuwa mita mraba 600. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, yaani mita mraba 162. Kumbe kijichemraba cha sentimita moja kimetandazika hadi kufunika viwanja vitatu na nusu vya voliboli na zaidi!

Kwa kuwa kazi ya kichocheo hufanyika juu ya uso wake, metali kidogo tu yatosha. Katika majaribio mengi kiasi kinachotumiwa ni sehemu mia kadhaa hadi elfu chache kwa kila sehemu milioni za mafuta. Sehemu 500 kwa milioni maana yake ni kwamba tani nzima ya mafuta hutiwa nusu kilo ya metali.

Lakini ziko njama za kuharibu mambo. Sote tunajua methali isemayo umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Kwa chembe hizi methali hiyo imegeuka kichwa chini miguu juu! Zikiwa zimetengana ndipo zina nguvu. Zikipata joto kali hupenda kushikana na kuwa madonge, uso hupungua, na nguvu zao huisha. Kwa hivyo nusu ya ufundi ni kutengeneza chembe ndogo, na nusu nyingine ni kuzizuia zisiungane.

7. CHEMBE HIZI HUTENGENEZWAJE?

Njia ya kwanza ni kusaga metali au madini yake yawe unga laini na kuukoroga ndani ya mafuta. Ni rahisi, ila unga haufikii udogo unaotakikana na hupenda kutuama chini.

Njia ya pili ni ya werevu zaidi. Molibdeni hufungwa katika kampaundi inayoyeyuka ndani ya mafuta, kama sukari inavyoyeyuka katika chai. Ikishayeyuka, imefika kila pembe. Ndipo mafuta hupashwa joto. Kampaundi huvunjika, na molibdeni hukutana na salfa iliyomo ndani ya mafuta mazito yenyewe, zikafanya chembe za molibdeni salfaidi hapo hapo. Salfa ni uchafu unaoharibu vichocheo vingi, lakini hapa imegeuzwa kiungo cha kutengenezea kichocheo. Adui amepewa jembe, naye analima.

Njia ya tatu ni kuyeyusha chumvi ya metali ndani ya maji, kisha maji hayo kutawanywa katika mafuta yakiwa matone madogo sana. Maji yakikauka kwa joto, kila tone huacha chembe zake.

8. KUTOKA MAABARA HADI KIWANDANI

Wazo lenyewe lina asili ya zamani. Mwanakemia wa Ujerumani, Friedrich Bergius, alipata hataza mwaka 1913 ya kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta kwa haidrojeni yenye shinikizo kubwa. Mwaka 1927 kiwanda kikubwa cha njia hii kilianza kazi huko Leuna, na mwaka 1931 Bergius na Carl Bosch walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Katika viwanda vya namna hiyo makaa yaliyosagwa yalifanywa uji, na vichocheo vya bei nafuu vya chuma vikachanganywa ndani ya uji huo huo.

Katika karne hii kampuni ya Eni ya Italia ilijenga mtambo wa namna hii kwa ajili ya mafuta mazito katika mji wa Sannazzaro de' Burgondi. Ulianza kazi mwaka 2013, ukiwa na uwezo wa kushughulikia mapipa 23,000 kwa siku. Hutumia chembe za molibdeni salfaidi, na joto lake hupita nyuzi 400. Mafuta yasiyobadilika safari ya kwanza hurudishwa ndani ya chombo pamoja na kichocheo chake, ili metali isipotee.

Wengine wanataka kuyabadili mafuta yakiwa bado ardhini. Katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kundi la Pedro Pereira-Almao limechunguza namna ya kuingiza chembe za kichocheo ndani ya kisima pamoja na haidrojeni, ili kinachopanda juu kiwe tayari kimepunguzwa uzito. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, watafiti wamejaribu chembe za oksidi ya chuma, ambazo ni rahisi kuliko molibdeni. Huko huko wamejaribu hata chembe za paladi zilizotengenezwa kwa msaada wa bakteria. Naam, mdudu asiyeonekana anaunda kichocheo kisichoonekana!

9. UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Somo halitakuwa la haki nikisifu tu. Kila chenye faida kina gharama yake, na wanafunzi wa sayansi sharti tuione.

(a) Kukipata tena kichocheo. Tembe ukitaka kuziondoa unazichota. Chembe zilizotawanyika utazichota kwa nini? Zimo ndani ya mafuta mazito yanayobaki mwishoni. Molibdeni si bei ya nyanya, na kila inayopotea ni hasara. Ndiyo maana wengine wanapendelea chuma: hakifanyi kazi vizuri kama molibdeni, lakini kikipotea moyo hauumi sana.

(b) Hatari. Haidrojeni yenye shinikizo kubwa na joto kali haichezewi. Mnamo Desemba 2016 moto mkubwa ulizuka katika mtambo ule wa Sannazzaro, ukalazimika kusimama.

(c) Hewa. Haidrojeni nyingi ya viwandani hutengenezwa kutokana na gesi asilia, na kazi hiyo hutoa kaboni dayoksaidi. Kwa hivyo mafuta mazito huchafua hewa mara mbili: wakati wa kuyasafisha, na tena wakati wa kuyachoma.

(d) Maji. Chembe za metali zikiingizwa ardhini, ni lazima ihakikishwe kwamba hazitafika kwenye maji ya kunywa. Udogo unaozisaidia kupenya kwenye mafuta ni ule ule unaoweza kuzipenyeza pasipotakikana.

10. JE, SISI KENYA LATUHUSU NINI?

Hili ndilo swali nililoulizwa na kila niliyemweleza kuhusu makala haya. Nitajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, tusichanganye nta na lami. Mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 husemwa na wengi kuwa mazito kwa sababu yakipoa huganda. Si kweli. Hayo yana nta nyingi, na nta ni minyororo mirefu iliyoshiba haidrojeni. Yakipashwa joto hutiririka vizuri. Ni hali hiyo hiyo kwa mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda, ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limeundwa ili lipashwe joto. Mwenye njaa ya haidrojeni ni lami, siyo nta. Ugonjwa ukiwa tofauti, dawa nayo ni tofauti. Mtu akikuambia Turkana inahitaji vichocheo vya asfaltini, muulize kwanza kama ameyapima mafuta hayo.

Pili, kila pipa lina machicha yake. Hata mafuta mepesi yakisafishwa, chini ya mnara hubaki mabaki mazito. Kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, hakikuwa na mtambo wa kuyavunja mabaki hayo, hivyo sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka kama mafuta mazito ya bei ya chini ya kuchomwa viwandani na melini. Mwaka 2013 kiwanda kiliacha kusafisha mafuta, na tangu hapo petroli, dizeli na mafuta taa tunayotumia huja yakiwa yamesafishwa ng'ambo. Sababu za kusimama zilikuwa zaidi ya moja, lakini somo ni wazi: asiyeweza kugeuza machicha yake huuza kwa bei rahisi na kununua kwa bei ghali.

Tatu, sheria za bahari zimebadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli, zikiwemo zinazotia nanga Kilindini, hayaruhusiwi kuzidi salfa asilimia 0.5, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kuosha moshi wake. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa asilimia 3.5. Kwa hivyo mafuta mazito yenye salfa yamepungukiwa na wanunuzi, na haja ya kuyasafisha imezidi.

Maoni yangu ni haya. Sioni fahari ya kuchimba lami mpya kwa sababu tu kichocheo kimepatikana, ilhali mvua zetu zimekwisha kupoteza majira. Lakini machicha ya mafuta ambayo tayari yametolewa ardhini, ni afadhali yageuzwe kitu chenye manufaa kuliko kuchomwa na salfa yake yote. Tena ujuzi wa kutawanya chembe na kuzizuia zisishikane hautumiki kwa mafuta peke yake. Anayeujua leo kwa lami, kesho anaweza kuutumia kwa kusafisha maji au kwa kutengeneza mbolea. Ujuzi hauzeeki.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mafuta mazito ni yale yenye molekuli kubwa na upungufu wa haidrojeni. Kwamba joto huzikata molekuli hizo lakini vipande hupenda kuungana tena kuwa ukoko. Na kwamba kichocheo hupeleka haidrojeni kwa wakati. Kichocheo hicho kikiwa cha chembe ndogo zilizotawanywa, hufika mahali ambapo tembe haziwezi kufikika. Faida ipo, na gharama ipo.

Ama kuhusu ule mjadala wa chama chetu, hesabu maneno uliyoyasoma. Molibdeni na haidrojeni tumeazima, kama wenye lugha nyingine walivyoazima kwa Wagiriki na Walatini. Lakini mnato, chembe, kichocheo, mshenga, ukoko na machicha ni yetu. Nawaachia nyinyi kuamua. Atakayeandika kuhusu fizikia mwaka ujao namngoja kwa hamu.

MASWALI YA MARUDIO

1. Mafuta fulani yana uzito wa 1.01 yakilinganishwa na maji. Tafuta API yake. Je, yataelea au yatazama?
2. Eleza kwa nini ukoko hutokea mafuta mazito yanapopashwa joto bila haidrojeni.
3. Mchemraba wa sentimita 1 umekatwa kuwa michemraba ya nanomita 20. Jumla ya nyuso zake ni mita mraba ngapi?
4. Taja shida tatu za kichocheo cha tembe katika mafuta mazito.
5. Kwa nini methali "umoja ni nguvu" haizifai chembe za kichocheo?
6. Mafuta ya Turkana na lami ya Athabasca yote hukataa kutiririka yakiwa baridi. Eleza tofauti yake.

Majibu ya hesabu: (1) 8.6, yatazama. (3) Mita mraba 300. Mengine jadilianeni katika vikundi vyenu.

MSAMIATI

Asfaltini – molekuli kubwa zilizo nzito zaidi katika mafuta ghafi.
Kichocheo – kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemia bila chenyewe kutumika.
Machicha – mabaki baada ya kilicho bora kutolewa, kama ya nazi iliyokamuliwa.
Mchemraba – umbo lenye nyuso sita za mraba zilizo sawa.
Mnato – ugumu wa kimiminika kutiririka.
Radikali – kipande cha molekuli chenye mkono mmoja mtupu.
Tembe – kidonge.